Tukana Mpira

“Mwanangu hakumtukana mtu,” Bi Eudosia alikuwa anasema, mikono kiunoni, upande wake wa ua. “Amemwita kama jirani anavyomwita jirani.”

“Basi angemwita akiwa nyumbani,” akajibu Nidia, mke wa mwamuzi, huku akianika soksi nyeusi za mumewe. “Pale uwanjani Leoncio si jirani wa mtu. Hata mimi nikienda hanijui.”

“Na huku mtaani je, anakujua?” nikadakia.

Saluni yangu imebanwa katikati ya nyumba zao, na adhuhuri ile ya Jumatatu wateja walikuwa wametoka nje na rola zao kichwani wasije wakapitwa. Kwa kawaida neno kama lile lingewavunja mbavu. Hakucheka mtu. Hapo nikajua jambo limekuwa zito.

Kwetu San Pedro hata mtoto anayenyonya anaijua sheria hii ya besiboli. Utukane mpira, ulitukane jua, uilaani siku uliyozaliwa. Mwamuzi atatazama pembeni kama kiziwi. Ila ukishamwambia “wewe”, umejifukuza mwenyewe.

Radhamés, mwana wa Bi Eudosia, aliijua kutuzidi sote. Ameuvalia jezi mchezo huu tangu ndevu hazijaota. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, na goti linalolia kama mlango mbovu. Jana yake, Jumapili alasiri, nyuma ya wavu, alikaa Mjapani mmoja mtafuta wachezaji wa kupeleka kwao. Alikuja kumtazama yeye, na asubuhi angepanda ndege. Mtaa mzima tulikwenda. Mimi nilifunga saluni, nikajipaka na rangi ya mdomo.

Ikafika zamu ya Radhamés kupiga. Mpira wa tatu, wa mwisho, ukaja chini, chini kiasi kwamba mdakaji aliuokota kama anaokota yai. Leoncio akanyoosha mkono: ni halali na hukuupiga, zamu yako imekwisha, kakae.

Radhamés akageuka na gongo lake. Tuliokuwa mbele tulisikia kila kitu. Akasema mpira ule ni uchafu. Akasema hata kuku angeona kuwa uko mavumbini. Leoncio ameinama, anafagia bamba la kupigia kwa brashi yake, taratibu, na sisi tukijisemea haya, sasa yametosha, nenda zako. Ndipo Radhamés akashusha sauti, karibu ya kubembeleza:

“Wewe, Leoncio. Wewe unajua nani yuko pale nyuma.”

Brashi ikasimama. Mdakaji alikuwa amesikia. Benchi la wageni lilikuwa limesikia. Leoncio akainuka, akakirusha kidole chake juu. Nje.

Aliyetolewa haruhusiwi hata kukaa na wenzake na kutazama. Radhamés akaenda kuvua jezi, akatokea mlango wa wauza karanga. Mjapani alisubiri kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyefika msibani akakuta wameshazika. Kisha naye akaondoka.

Siku hizi Radhamés anabeba marobota kiwandani. Goti likimzidi hukaa kwenye kiti changu cha wateja, tukaongea habari za watu wengine.

Lakini adhuhuri ile ya Jumatatu, wanawake wawili wakingali wanarushiana maneno, Leoncio mwenyewe alitoka na singlendi yake. Akampita mkewe, akauzunguka ua, akasimama kwenye mlango wa Bi Eudosia. Wateja wangu, ambao tangu asubuhi walikuwa wakiapa kwamba kahongwa, wakafumba midomo.

“Mpira ulikuwa chini,” alisema. “Nililiona hilo mkono ukiwa umeshanyooka.”

Bi Eudosia akashusha mikono kutoka kiunoni. “Kwa hiyo unamrudisha?”

“Hilo halirudi, mama. Na lile neno aliloniambia, ningeliacha, mimi ndiye ningekuwa wa kutolewa. Milele.”

“Na yule Mjapani?”

Jibu lilitoka jikoni, sauti ya mtu aliyelala vibaya.

“Keshapaa, mama. Mwache.”

Radhamés alikuwa amekaa mezani, mguu mbovu juu ya stuli, maharage yakitoa moshi mbele yake. Hakuinua macho. Aliushusha mguu sakafuni kwa mikono miwili, akaisogeza stuli ile kwa kisigino, ili mtu mwingine apate pa kukaa.

“Pakua sahani nyingine,” alisema. “Mzee Leoncio, karibu ndani tule.”