Siku Jumuiya Ilipoamua Moja ni Ngapi

Siku ya kununua viazi kijijini Yakobi, mpakiaji mmoja alishika mdomo wa gunia, mwingine akamimina ndoo, wa tatu akalitikisa na kulikanyaga kwa kisigino mpaka viazi vikakaa. Gunia lilipojaa ndipo kazi ilipoanza. Walipanga viazi vingine juu ya mdomo, vikapanda kama kichuguu, wakavizungushia wavu wa kamba ya katani na kuushona. Hiyo ndiyo lumbesa. Odilo, mwenye shamba, alitazama huku akisugua viganja, maana kulikuwa na baridi.

"Moja," akasema Kheri, mnunuzi.

Zamani ushirika ulipima kwa mzani. Tangu biashara iachiwe huru mzani ulibaki ghalani, na kuku wa jirani walitagia humo. Kheri hakuwa mtu mbaya. Alihamia Makambako kutoka Kondoa, hakuacha swala, na watoto wa kijiji aliwajua kwa majina. Odilo aliwahi kumuuliza kwa nini gunia na nusu lihesabike moja.

"Baba Aneth, hata mimi kule Dar wananihesabia hivyo hivyo," alijibu Kheri. "Nikipeleka la kawaida wananiuliza kama lina ugonjwa."

Odilo alikuwa na mabinti pacha, Aneth na Emilia, wa darasa la pili. Lumbesa ilipofikisha misimu kadhaa, Emilia alianza kupanda mabegani kwa dada yake. Mwanzoni walidhani anacheza. Kisha akawa hashuki kula wala kulala. Aneth alilala kifudifudi na Emilia juu yake. Mwalimu wao akawaita kwa jina moja na kuweka alama moja. Kondakta wa basi la Njombe akasema, "Mtoto mmoja, pita ndani." Zahanati wakawapa chanjo moja. Hakuna aliyeshangaa. Watu walikwisha kuzoea kuona kitu kilichopandishwa juu ya kingine kikihesabiwa kimoja, na majirani walisema ilikuwa lazima mambo hayo yafike na kwa binadamu.

Mama yao, Eufrasia, alifundisha hisabati sekondari mjini Njombe, na yeye peke yake aliogopa. Aliogopa tangu siku aliyokuwa akiwaogesha akaona nyayo za Emilia hazipo. Zilikuwa zimezama ndani ya mabega ya Aneth, na ngozi imejifunga bila kovu. Alivuta. Aneth akalia kwa maumivu. Emilia hakulia, na hilo ndilo lililomtisha mama kupita yote.

"Ukiendelea kuuza hivi utanipotezea mtoto," akamwambia mumewe.

"Nikiacha, viazi vitaoza shambani. Hawa tutawalisha nini, wote wawili?"

Alisema "wote wawili" kwa ukali, na papo hapo visigino vya Emilia vikachomoza kidogo. Eufrasia aliviona. Aliwaza kwamba kama neno la mkulima aliyekasirika lilitosha kuvuta visigino, basi neno la Jumuiya lingemtoa mtoto mzima.

Alikuwa katibu wa tawi la Jumuiya ya Wanahisabati. Jumuiya ilichapa jarida, iliandaa mashindano ya wanafunzi, na kitabu cha shule kikikosea, yenyewe ndiyo iliyokwenda wizarani kugonga mlango. Enzi ile kila mtu alikuwa na kitu cha kuuza. Jumuiya kazi yake ilikuwa kusema lililo kweli, liwe na mnunuzi au lisiwe naye. Mkutano wa kanda ulikuwa umepangwa Makambako, na Eufrasia akaomba liongezwe jambo moja la kujadiliwa: moja ni ngapi.

Walikutana katika ukumbi wa shule, malori yakipiga honi njia panda. Eufrasia aliwakalisha mabinti zake benchi la mbele. Emilia alikuwa amezama mpaka magotini. Mwenyekiti, Dakta Filemoni, mzaliwa wa Mdandu aliyekuwa akifundisha chuo kikuu, aliwasalimia pacha kwa Kibena, "Kamwene," na Aneth peke yake akaitikia. Dakta hakutabasamu. Alivua koti akachukua chaki.

Wajumbe walibishana tangu asubuhi. Mwalimu kutoka Ilembula alitaka kujua kama gunia ndilo linaloipa moja ukubwa wake, au moja ndiyo inayolipa gunia. Mwingine akasema mambo ya sokoni hayawahusu, akazomewa. Mwishowe ubao ulijaa, na Dakta akageuka.

"Moja haibebi jirani yake ikabaki moja," akasema. "Kikiongezwa chochote juu yake, hata kiazi kidogo kiasi gani, Jumuiya haiitambui tena kuwa moja. Wanaoafiki?"

Mikono yote ikanyooka. Emilia akashuka. Alitoa mguu mmoja, kisha wa pili, akasimama sakafuni kando ya dada yake na kuomba maji. Mwenyekiti akatangaza mapumziko ya chai. Eufrasia alimnywesha mtoto huku ameshika kifundo chake cha mguu, na hakukiachia mpaka chai ikaisha. Alilia kwa furaha, na ndani ya furaha ile hofu ilikuwa bado imekaa.

Sasa, kwa Wabena mgeni haondoki mikono mitupu, na zawadi ya viazi haifungwi kwa ubahili. Gunia lililoshonwa usawa wa mdomo ni kama kumwambia mgeni asirudi tena. Siku ya kufunga mkutano Odilo alifika na magunia ya shukrani, kwa lori la Kheri, bure. Kofia za viazi juu ya magunia hayo zilikuwa ndefu kuliko zozote zilizowahi kutoka Yakobi. Eufrasia alizishona kwa mkono wake, kwa moyo wa mama aliyerudishiwa mwanawe. Hakufikiri. Nani angefikiri? Ilikuwa adabu.

"Hii sasa ndiyo Njombe!" alisema Dakta Filemoni, wajumbe wakapiga makofi.

Dereva wa basi la Jumuiya alitaka kujua ni magunia mangapi, apange mzigo.

"Mwalimu wa hisabati si huyo? Atuhesabie," akasema Dakta, wote wakacheka.

Eufrasia akawatazama mabinti zake. Walikuwa wamesimama vumbini wameshikana mikono. Alitaka kusema "moja na nusu". Lakini kumhesabia mgeni zawadi yake mpaka vipande ni kumsimanga, na wenyeji wote walikuwa wakimtazama mdomoni.

"Moja," akasema.

Emilia akaachia mkono wa dada yake, akaanza kupanda.

"Mbili," akasema Eufrasia. Magunia yalikuwa bado na dereva alikuwa akisubiri.

Dakta Filemoni aliona. Alimtazama mtoto, akalitazama gunia lake juu ya basi, akavua miwani na kuifuta.

"Azimio letu liko pale pale, Mwalimu," akasema. "Litatoka kwenye jarida."

Lilitoka, tena kwa herufi nzito. Eufrasia aliwafundisha kidato cha kwanza, nao wakalielewa vizuri. Kheri alisomewa akakubali kila neno, kisha akaagiza kamba mpya za katani. Kila msimu kofia za magunia ziliongezeka kimo. Emilia alizama mpaka kiunoni, halafu mpaka kifuani, na Eufrasia akawa anaogopa kila anaposikia lori likipanda mlima wa Yakobi.

Asubuhi moja ya Juni, shamba likiwa limeganda barafu, Aneth aliingia jikoni, na mabegani kwake hakuonekana mtu.

"Mama, Emilia anasikia baridi."

"Mwambie aseme mwenyewe."

Aneth aliinamisha kichwa akasubiri, kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili.

"Anasema hawezi."

Eufrasia akafungua sanduku la nguo akatoa sweta. Lilitosha moja.