Tangi la Askofu

Kitu cha kwanza Lorine alichogundua ni kwamba mdomo wa bomba la tangi la kanisa ulikuwa unateleza. Aliupangusa kwa leso, na baada ya muda mfupi utelezi ukarudi. Halafu akaona vikombe vya watoto wa chekechea ya kanisa navyo vina ute ndani, kama vimelambwa na ng'ombe.

Hakumwambia mtu. Lakini binti yake Auma, aliyekuwa chekechea hapo Voi, alianza kuhara. Akapona, akarudi chekechea, akahara tena. Nyumbani Lorine alichemsha maji; chekechea watoto walikinga bombani wakanywa. Safari ya mwisho macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na muuguzi akasema bila kuzunguka, "Mama, badilisha maji, ama siku moja utamleta umechelewa."

Lakini tangi lile halikuwa tangi tu. Siku ya kulizindua, askofu alinyoosha mkono akayabariki maji. Mzee Jeconia, karani mstaafu wa reli na mwenyekiti wa kamati ya maji, akawaza: kama baraka imeingia kwenye maji, maji yakiisha na baraka imekwisha. Tangu hapo tangi halikuruhusiwa kukauka. Likifika nusu, lori la maji liliitwa kuongeza juu yake. Brashi haikuwahi kuingia ndani, maana kulisugua ilikuwa ni kama kumsugua askofu mwenyewe.

Na Mzee Jeconia alikuwa baba mkwe wa Lorine. Kwao, mke wa mwana hamkabili baba mkwe ovyo. Lorine alimsalimia kwa mbali, macho chini, na neno lolote zaidi lilipitia kwa mama mkwe, Ajwang'. Kwa hivyo habari ya ute alimwambia Ajwang', naye akaipeleka pamoja na chai, ikiwa imetiwa sukari vilevile.

"Mama Auma anasema tangi ni zuri sana, ila labda siku moja mliangalie."

"Tunaliangalia kila siku," Mzee akajibu. "Liko palepale."

Muuguzi ndiye aliyepeleka habari mbele. Afisa wa afya, Pauline, akateremka kutoka Wundanyi, akakwangua ukuta wa tangi kwa ndani, akaita kamati na akina mama. Mzee Jeconia alikaa katikati, kulia kwake Gibson mweka hazina, kushoto Calvince katibu.

"Hawa ni bakteria," Pauline alisema, akichora ubaoni. "Wana vinywele. Kila kinywele ni protini ndogondogo zilizopangwa kama shanga kwenye uzi. Shina limejikita kwenye ngozi ya bakteria, ncha inanata. Akigusa ukuta, anashika. Wengine wanakivuta kinywele ndani na kukitoa tena, hivyo wanatambaa, wanavutana, wanarundikana. Halafu wanajifunika ute."

"Kama ni nywele," Ajwang' akasema kutoka nyuma, "si tuite kinyozi?"

Wanawake wakacheka. Mzee hakucheka.

"Tutie dawa ya maji," akasema. "Kwisha."

"Dawa inaua wanaoelea, Mzee. Walio chini ya ute ni kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi. Lazima mlikaushe, msugue, ndipo mtie dawa."

"Daktari, hao bakteria walikuwepo siku ya baraka?"

"Sijui, Mzee."

"Basi huenda nao walibarikiwa," akasema Gibson, na Calvince akaandika hivyo.

Kamati ikaamua kuunda kamati ndogo ya vinywele. Wajumbe walichaguliwa palepale: Mzee Jeconia, Gibson na Calvince.

"Naweza kuwaandikia notisi," Pauline alimnong'oneza Lorine, "lakini notisi inapokelewa na kamati."

Jumamosi lori lilitarajiwa. Akina mama wakaja mapema na mafagio, wafungue koki ya chini kabla maji mapya hayajaingia. Wakamkuta Mzee Jeconia ameweka kiti mbele ya koki, ameketi, mgongo umeiziba. Gibson alikuwa amemshika mkono, na Calvince amemshika Gibson koti.

"Hatutoki," Mzee akasema. "Utaratibu ufuatwe."

"Utaratibu," akasema Gibson.

"Katiba," akasema Calvince.

Kila mama aliyewasogelea alimwagiwa maneno: kumbukumbu za kikao, idadi ya wajumbe, heshima ya kanisa. Pauline akajaribu, akarudi akijifuta jasho. Lori likaingia kwa kishindo, na kijana wa lori akapanda juu ya tangi na mpira wa maji begani.

"Mama," Lorine akamgeukia Ajwang', "mwambie."

"Leo sina sukari, mwanangu," Ajwang' akasema taratibu. "Mwambie wewe."

Auma alikuwa mgongoni mwa mama yake, mwepesi kama kanga iliyokunjwa. Lorine akapita katikati ya wanawake mpaka mbele ya kile kiti. Akainua macho, akamtazama baba mkwe usoni.

"Baba," akasema, "mimi nakuogopa kuliko hao bakteria. Nimekuogopa tangu niolewe. Nimemshika mtoto akiniishia mikononi na nikanyamaza, kwa sababu tangi ni lako. Inuka, Baba. Inuka nifungue koki."