Lugha ya Mashetani wa Alice

Mashetani walianza kusema Kiswahili ukurasa wa arobaini na moja. Dafrosa alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha jengo lao kule New Hope, Marekani, Jumamosi asubuhi, nguo zake zikizunguka kwenye mashine, na alidhani amesoma vibaya. Akarudia. Mfalme wa mashetani, mwenye pembe na magamba, aliitwa Nyamaza. Mkewe aliitwa Sufuria.

Mwandishi alikuwa Alice, Mmarekani aliyekaa naye nyumba moja miaka miwili walipokuwa chuo kikuu. Kitabu kilifika jana yake kwa posta, jalada lina joka na mnara, na ndani kikaratasi: "Utacheka."

Hakucheka. Alitoa kalamu akaandika pembeni: Sufuria ni chombo cha kupikia, mjinga wewe. Mashetani walipokula nyama mbichi ya farasi wakiambiana "karibu chakula", akaandika: Mashujaa wako wanakula kwa uma. Mashujaa wenye nywele za dhahabu walikuwa na lugha yao, laini, ya kubuni. Hiyo Alice aliihangaikia. Kwa mashetani hakujisumbua, alikuwa na daftari lake la jikoni, alimoandika maneno ya Dafrosa. "Hii mnaiitaje?" alikuwa akiuliza, naye Dafrosa akimjibu kwa furaha, akidhani mtu anajifunza.

Mashine ilisimama. Akaziacha nguo mbichi humo humo, akaendelea kusoma, maana sura ya tisa mashetani walikuwa wanakwenda vitani na alitaka kuona upumbavu utafika wapi. Walipanga safu, wakagonga ngao, wakapaza kilio chao cha vita: "Baba umeniacha na nani."

Dafrosa alifunga kitabu.

Maneno hayo aliyasema yeye, Februari ya mwaka tisini na mbili, amekaa sakafuni chini ya simu ya ukutani, siku alipopigiwa kutoka Bukoba. Alice alimshika mabega. Wiki moja baadaye, baba ameshazikwa bila yeye kuwepo, Alice alimwuliza taratibu maana yake, naye akamweleza.

Alipanda juu akampigia.

"Umefika wapi?" Alice aliuliza, sauti imechangamka.

"Sura ya tisa."

"Sijawahi kusikia maneno mazito kama yale. Nilitaka yaishi."

"Ukawapa mashetani."

"Ni riwaya, Dafrosa. Hakuna atakayejua."

"Mimi nimejua. Mama yangu akija hapa atajua. Yatoe."

"Kimeshachapwa. Na cha pili kiko kwa mchapishaji."

"Na humo pia yamo?"

"Ndicho kilio chao," Alice alisema. "Kinarudi kila vita."

"Basi hicho usinitumie. Na kwangu usije."

"Nimekushukuru mwishoni mwa—"

Dafrosa alikata simu. Akatazama ukurasa wa mwisho. Jina lake lilikuwepo, limeandikwa Dafrosia. Alilisahihisha, kisha akalikata lote kwa mistari mitatu.

Alikimaliza kitabu Jumapili jioni, kwa hasira, bila kuruka ukurasa. Sufuria alipouawa akiwakinga wanawe, machozi yalimtoka Dafrosa, na hilo lilimuudhi kuliko yote aliyoyasoma. Alishuka nacho nyuma ya jengo kwenye pipa la takataka. Alichana sura ya tisa vipande vidogo, ili yeyote atakayekiokota asiikute, kisha akatupa vyote, vipande na kitabu.