Makofi ya Kilo kwa Njau

...na mbona basi anasimama hivyo, mkono kiunoni kama mama anayengojea foleni ya mfereji, ruka bwana, hapana, usiruke bado, baba yako hajameza mate, na Ndambuki naye amechagua saa hii kunipigia panga kwenye ubao wake wa nyama, ka-ka-ka, "Baba Njau, nikukatie mbavu ama mguu," mguu usitajwe leo ndani ya hii buchari, Ndambuki, mguu ninaoujali mimi uko ng'ambo kwenye mashindano ya dunia, ndani ya soksi nyeupe, ni ule wa kushoto anaoondokea, na tayari ufito umeanguka mara mbili, na sheria ya hawa watu wa kuruka juu ni kwamba ukianguka mara ya tatu unavaa suruali yako ndefu na kwenda zako, hakuna rufaa, hakuna kumtafuta mtu anayejua mtu... mita mbili na robo, hiyo imepita mlango wa nyumba yetu hapa Gitothua, na kijana anataka kuipita kinyumenyume, mgongo ukitangulia, kama mtu aliyefungua bafu akamkuta mama mkwe, aa, hiyo ni nzuri, niliisema Thika kwenye harusi ya kina Wainaina wakacheka hadi vifungo vya suti vikaruka, wacha, wacha sasa, kichwa gani hiki changu, hata mazishini kinatafuta pa kuchekesha.

"Na huyu mbona hakimbii kama Wakenya wengine," anasema yule wa jaketi ya ngozi nyuma yangu, "Mkenya anaruka nini, si anaruka mitaro tu," na wote wanacheka, halafu wananigeukia, wananingoja, kwa sababu Baba Njau hakosi neno, Baba Njau ukimtupia moja anakurudishia tatu na chenji, na mimi nafungua mdomo hapa, mdomo uliolea watoto na kulipia bati, na kinachotoka ni hesabu tu, imeanguka mara mbili, imebaki moja... Lynn anayehudumu hapa anasukuma kikombe mbele yangu, "Kunywa supu, mzee, inapoa," acha ipoe, Lynn, na Njambi, mama yake Njau, amekataa kuja, yuko nyumbani, ati ataangalia akishaambiwa imekwisha vizuri, mama gani huyo, mama mwenye akili, mimi ndiye mjinga nimekuja kukaa mbele ya skrini kubwa.

Ilikuwa kamba yake ya nguo, ya Njambi, ndiyo tulianza nayo, na magunia tuliyojaza maganda ya kahawa kutoka kinuni ndiyo godoro, Njau akiwa darasa la saba, miguu yote, mwili bado haujafika, "Kamba yangu mnaifanyia nini nyinyi wawili," na kijana anakuja kila mara na mwendo wake, mara mbio, mara mdogomdogo, kama kuku anayevuka barabara akibadilisha nia, kamba inamkata shingo, anaamka ana maganda hadi masikioni, mpaka nikasimama pale kwenye nyasi nikafanya kile ninachokijua, kazi yangu, kwa sababu harusini watu wasipojua wapige makofi saa ngapi mimi husema basi tumpigie bibi harusi makofi ya kilo, na kila mtu anajua, mtoto wa nasari anajua, tatu, tatu, halafu moja nzito ya kufunga, nikampigia, naye akaingia ndani ya yale makofi kama mtu anayevaa koti lake, hatua tatu moja kwa moja, tatu akipinda kuelekea kamba, na kwenye ile nzito akapaa, kamba haikutikisika, leso ya mama yake iliyoanikwa ilibaki inaning'inia palepale. Nikamwambia, kijana wangu, usiwahi kupanda jukwaa kimya, omba makofi kwanza, watu wakikupigia wanakubeba.

Na ameomba, mara zote mbili leo ameinua mikono juu ya kichwa, mtoto mtiifu, na uwanja mzima ukampa, lakini makofi gani yale, pa... pa... pa, pa, papapapa, yanaanza kama wazee na kuishia kama mvua kwenye mabati, watajulia wapi kilo wale, wameenda harambee gani wale... ngoja. Ngoja kidogo. Alikimbia na mwendo wao. Ile ya pili niliiona kwa macho haya, hatua mbili za mwisho zilibanana, mguu ukatua karibu sana na ufito, akageuka hewani kama chapati na kuushukia, na mimi nimekaa hapa nikilaumu viatu, nikilaumu baridi, kumbe ni makofi. "Usiwaombe," nimesema, nimesema kwa sauti, na wa jaketi anauliza, "Anakusikia huko, mzee?"

Hanisikii. Na hata angenisikia, ningemwambiaje, nenda kimya, mimi, ninayeujua ukimya, nimewahi kumaliza kisa kizima katika ukumbi mmoja Thika nikasikia feni tu ikizunguka juu yangu, heri wangenitupia mayai, nilishuka jukwaani nikitafuta mlango kama mwizi, na sasa damu yangu iingie mahali pale kwa hiari yake, mbele ya dunia... anainua mikono. Aterere, anainua mikono tena, na hapa ndani nao wameanza kumpigia, wa jaketi pia, pa, pa, hapana, jamani... lakini viganja havikutani. Viganja vinageuka chini, vinasukuma hewa polepole, hivyo, hivyo, vile mimi hutuliza harusi kabla ya mchungaji kuomba, na kelele za uwanja zinashuka, zinashuka, zimekwisha.

"Ndambuki, weka panga chini," namwambia, na sijui alisikia nini katika sauti yangu, ameliweka taratibu kama yai, na kijiko cha Lynn kimesimama hewani, na kinachosikika ni mafuta yakidondoka kwenye makaa, na nimengoja kuogopa na woga haujaja. Hiki si kile kimya cha feni. Ni kama chumba ambacho mtu amefagia. Kamera imemsogelea, midomo yake inacheza, wengine watadhani ni sala, na mikono yangu, huu ugonjwa wa miaka yote, imeanza kuinuka yenyewe kutoka mapajani, naikamata, naificha kwapani, kaeni huko, leo hamna kazi, anajipigia mwenyewe, ndani, tatu... tatu... kisigino kimeinuka, bado hajaondoka, na ile nzito ya kufunga si yangu kuipiga.