Glavu za Mama Vifungo

Kikombe kilijazwa chai nusu tu, kwa sababu nusu ya juu ingeishia mapajani. Hata hiyo nusu mama aliinywa kwa kuinamia meza, mdomo ukikifuata kikombe, huku mkono wake wa kulia ukigonga ukingo wa meza ko-ko-ko bila kupumzika. Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikaa upande wa pili akilehemu waya mwembamba. Kelele ile ilimkera, na alijichukia kwa kukereka.

"Samahani, mwanangu," mama alisema. "Nimewaambia hawa watulie, hawanisikii." Hawa walikuwa vidole vyake.

Miaka yote kiwandani alikuwa kwenye mashine ya vifungo. Mashati ya sare za shule yalimfikia yakiwa wazi, yakatoka yamefungwa, na jina la Mama Vifungo likamganda. Siku sindano ilipopita katikati ya ukucha wake, msimamizi alimfunga kidonda kwa kipande cha sare, akamsindikiza hadi getini kwa upole wote na kumwambia aende Bodi ya mafao, inayowalipa wasioweza tena kazi kwa ugonjwa. Dawa za Parkinson, ugonjwa huo wa kutetemeka, hospitali ya serikali ilikuwa nazo ilipokuwa nazo. Kwenye duka la dawa hazikukosekana hata siku moja. Zilikaa ndani ya kabati la kioo, watu wakazitazama.

Ndipo Fundi, aliyekuwa akila kwa kutengeneza simu, alipoanza habari ya glavu. Alikuwa amesoma mtandaoni kwamba kuna watu wanatuliza mikono kwa kuvitetemesha vidole. Alichukua glavu za kazi, akatia kwenye ncha ya kila kidole, isipokuwa gumba, mota ndogo ya kutetemesha simu. Mota alizichomoa kwenye simu zilizokufa, ambazo alikuwa nazo tele. Programu ya kwanza ilitetemesha vidole vyote kwa mpigo mmoja. Mama aliruka, akaweka kiganja sikioni.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Siku ile mkono ulitetemeka zaidi.

Ikabidi aiandike upya. Safari hii vidole vilipokezana ovyo, kushoto na kulia sambamba, ili ubongo usipate cha kuzoea. Mipigo kidogo, kisha kimya, kisha mipigo tena. Alifuta mistari, akaandika mingine, akavaa mwenyewe kwanza, akamvalisha mama, akaudhika, akafuta tena. Kwenye kibanda chake wateja walisubiri simu zao wakinung'unika. Mwishowe aliweka na saa ndani ya programu, glavu zijiwashe zenyewe kila asubuhi wakati wa chai, maana mama alikuwa msahaulifu. Mkaidi pia, lakini hilo halina programu.

Hazikuwa dawa, na Fundi alimwambia hivyo. Lakini asubuhi moja aliamka nyumba ikiwa kimya. Meza haikugongwa. Mama alikuwa dirishani akitia uzi kwenye tundu la sindano. Alitia, akauchomoa, akatia tena, kwa raha tu. Fundi alitoka nje, akasimama nyuma ya bafu akalia kwa furaha, na hakuona haya.

Siku ya kwenda Bodi, mama alizivaa hadi kwenye korido.

"Ziache basi leo, mama. Wakuone ulivyo."

"Niende kutetemeka mbele za watu na ninaweza kutulia? Wewe mtoto una akili kweli?"

Alizivua walipoitwa. Mwenyekiti wa Bodi, daktari mtu mzima mwenye koti jeupe, alimwambia anyooshe mikono. Mikono ilinyooka, ikatulia. Mwenyekiti akaitazama, akatazama faili, akaitazama tena.

"Ni kazi ya glavu, daktari," Fundi alisema. "Akikaa siku chache bila kuzivaa, mtetemo unarudi."

"Wewe ni mtaalamu wa neva?"

"Natengeneza simu."

"Haya, tusikilizane basi. Simu ikiniharibikia nitakuita."

Huenda wangeambiwa tu warudi siku nyingine, kama si kifungo. Koti la Mwenyekiti lilikuwa na kifungo kilichoning'inia kwa uzi mmoja, na tangu aingie mama alikuwa hajakiondolea macho.

"Mwanangu, hicho kitakudondoka," alisema, keshasimama. "Hebu tulia kidogo."

Sindano ilikuwa kwenye ukosi wake, na uzi wake, kama siku zote. Fundi alimvuta nguo. Mama hakuhisi, alikuwa kazini. Alishona, akauzungusha uzi shingoni mwa kifungo, akaukata kwa meno, akakipiga kifungo kikofi kidogo.

"Ahsante sana, mama," Mwenyekiti alisema, na alishukuru kwa moyo. Kisha akakaa na kuandika kwamba huyu anaweza kazi.

Kiwandani msimamizi aliwapokea vizuri, akawapa hata kiti. "Faili lako hapa linasema Parkinson, Mama Vifungo. Mashine siwezi kukupa. Niletee karatasi ya Bodi kwamba umepona, uanze hata kesho."

Wakarudi Bodi.

"Hatuandiki mtu kapona," Mwenyekiti alisema. "Ugonjwa huu hauponi."

"Kwa hiyo anaumwa?" Fundi aliuliza.

"Anaumwa, tena sana."

"Basi mpeni haki yake."

"Hatetemeki, binti. Nimpe haki ya nini?" Alikuwa kavaa koti lile lile. Kifungo kilikuwa imara.

Lakini hakuwa mtu wa roho mbaya, na aliwaonyesha njia: wakate rufaa. Wakaguzi watakuja nyumbani bila taarifa, wamkute mgonjwa katika hali yake. Na glavu zisiwepo mkononi. Bodi inapima watu, alisema, haipimi mashine.

"Watakuja lini?"

"Nikikwambia lini, huo si ukaguzi tena."

Mama alizivua jioni ile ile, akaziweka kwenye kopo la bati juu ya kabati.

"Vaa, mama. Tutakula hiki ninachopata."

"Unachopata unakijua mwenyewe. Nikipata mafao nitanunua dawa, na glavu zako nitavaa, nitashona mpaka mapazia ya majirani. Sasa niache nitetemeke."

Mtetemo ulirudi kwa kunyatia. Kilianza kidole cha shahada, wakafuata wenzake, kisha mkono mzima, na meza ikaanza tena ko-ko-ko. Fundi alifungua kibanda na kukifunga kabla hata ya mchana, akikimbia nyumbani kuangalia kama wamekuja. Wakila, gari likinguruma nje, wote wawili waliacha kutafuna. Alipokwenda kuuliza Bodi, aliambiwa wakaguzi wako njiani. Alikwenda tena baadaye, wakawa bado wako njiani. Mkono wa kushoto, ambao zamani ulikuwa mzima, nao ukaanza.

Asubuhi moja alimkuta mama kitandani akihangaika na blauzi. Vidole vilikipata kifungo, vikakipoteza. Fundi akapiga magoti kumfungia.

"Acha!" Mama alimsukuma. "Wakinikuta nimefungwa vizuri watasema nini?"

Akaenda kuketi kwenye kigoda mlangoni, blauzi wazi, sidiria nje, wapita njia wakigeuza nyuso. Huyu ndiye aliyefunga mashati ya nusu ya watoto wa mji. Fundi alitaka kumfunika kanga, akaogopa kuharibu.

Kule juu ya kabati, kopo la bati likaanza kunguruma. Ulikuwa wakati wa chai.

"Zima hayo madude."

Fundi hakuyazima. Pikipiki ilipunguza mwendo nje. Upesi mama akanyoosha mikono yote miwili mbele, kama alivyoelekezwa Bodi, ikacheza hewani, na blauzi ikazidi kufunguka. Pikipiki ikapita.

"Si wao, mama. Shusha mikono."

"Huenda wanakuja nyuma yake," mama alisema, na hakuishusha.