Tunda Lililomshikia Obare Nafasi

Mahali penyewe panaitwa Kambi mpaka leo, ingawa watoto wanaoanika dagaa wa omena hapo hawajui ilikuwa kambi ya nini. Ni ufuoni mwa Ziwa Viktoria, si mbali na Muhuru Bay. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa sehemu hizi waliochukuliwa jeshini walikusanywa hapo kungoja meli ya kwenda Kisumu, na kutoka Kisumu treni ya kwenda pwani. Palikuwa na mahema, jiko lenye sakafu ya simiti, na gati ya mbao. Simiti ipo bado. Gati ililiwa na maji.

Mwaka wa 1942 meli ilichelewa. Vijana walirundikana mahemani, na homa ya uti wa mgongo ikaingia. Waliougua walihamishiwa hema la peke yake nyuma ya jiko, likazungushiwa miiba. Meli ilipofika, wazima walipanda. Waliambiwa wenzao watafuata na meli ya pili. Meli ya pili haikutia nanga, kwa maana hapakuwa tena na mtu wa kuchukuliwa.

Hayo yaliunganishwa kipande kwa kipande mwaka wa 1994, kutoka kwa wazee wachache waliopanda meli ile na kurudi. Kabla ya hapo hakuna aliyewauliza. Mwaka huo vijana wa ushirika wa wavuvi walikuwa wakichimba msingi wa banda la kupimia samaki nyuma ya simiti, wakakuta mifupa ya watu watano. Mmoja alikuwa na shanga mkononi. Polisi walimleta Daktari Mokaya kutoka Migori, naye akasema mifupa ni ya zamani, hakuna kesi. Ogweno, naibu wa chifu, akatangaza kwamba mwenye mtu wake aje amtambue kabla ya Jumapili. Asipotokea mtu, wote watano watazikwa shimo moja.

Habari zilifika Magunga kupitia wauza omena. Huko aliishi Phelesia, mjane, mwenye umri wa miaka sabini na kitu. Mume wake Obare alichukuliwa jeshini akamwacha mjamzito. Vita vilipokwisha wengine walirudi, na hakuna aliyesema amemwona Obare huko ng'ambo. Ndugu zake wakakata shauri kwamba alifia baharini. Wakafanya kama Wajaluo wanavyofanya kwa mtu ambaye mwili wake umepotea: walichuma yago, lile tunda refu zito, wakalifunga blanketi, wakalizika upande wa kulia wa nyumba yake. Watu walilia, walinyoa nywele, ng'ombe akachinjwa. Upande wa kushoto ulibaki wazi. Ulikuwa wa Phelesia siku yake ikifika, naye alipalilia pande zote mbili.

Aliposikia kuhusu shanga, alimwita mwanawe Jeremiah, mzee wa kanisa la Sabato.

"Nipeleke Kambi."

"Kuna nini Kambi, mama?"

"Kuna shanga."

Jeremiah alimjua mama yake. Hakuuliza tena.

Walipofika walikuta familia nyingine kutoka Karungu imeshafika na imeshalia. Daktari Mokaya alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa Mkisii, Kijaluo hakukijua, kwa hiyo ilibidi Phelesia aseme kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia sokoni tu na katika darasa la ngumbaru.

"Mama, hao wa Karungu wanasema shanga ni za bluu," daktari alisema. "Wachimbaji walishatangaza bluu mpaka Tanzania. Niambie kitu kingine."

"Iko kifungo. Kifungo ya shaba. Iko nyuma, mahali pa kufungia."

"Kifungo cha nini?"

"Ya gauni. Gauni ya misheni."

Daktari alimtazama vizuri. "Na shanga za mkono wa mwanamume ulizijuaje mpaka nyuma?"

Kanisani Phelesia alikuwa kiongozi wa kina mama wa Dorkasi, kundi la kusaidia wenye shida. Wasichana wengi waliacha mapambo kwa mafundisho yake, na mwanawe alisimama pale kando akiwa na Biblia kwapani. Shimo moja lilikuwa limeshachimbwa, refu, la kuwatosha wote watano.

"Haikuwa ya mkono," alisema. "Ilikuwa ya kiuno. Kiuno yangu. Siku ya kwenda nilimfungia."

Ogweno aligeuka akaanza kutazama ziwa. Jeremiah alivua kofia akaichungulia ndani.

"Nilikuwa nashangaa kwa nini zimezunguka mara nyingi hivi," daktari alisema polepole. Akafungua kitambaa. Kifungo kilikuwa kimegeuka kijani, lakini ni kifungo.

Walirudi na Obare katika sanduku dogo la mbao. Odundo, mdogo wake Obare na sasa mkubwa wa boma, aliwangoja langoni na hakuwafungulia.

"Huyo hataingia," alisema.

"Ni kaka yako, shemeji," Phelesia alisema.

"Kaka yangu nilimzika. Nilinyoa kichwa changu mwenyewe kwa ajili yake. Mtu halii mara mbili kwa mtu mmoja. Ukilia mara ya pili unamwita mwingine afe ndipo hesabu itimie. Mrudishe Kambi, alale na wenzake."

"Baba mdogo," Jeremiah alianza, "Neno la Mungu linasema wafu..."

"Wewe ngoja. Mimi naongea na mama yako. Nilitaka kumrithi huyu akanikataa, akasema mume wake ni yule aliye shimoni. Miaka yote hiyo nimeshindwa na tunda. Leo ananiambia halikuwa mume?"

Wajukuu waliokuwa nyuma ya ua walicheka, kisha wakaacha.

Phelesia hakucheka. Alikaa chini, karibu na sanduku.

"Odundo, posho mill ikiwa na laini ndefu, wewe hufanya nini?"

"Naweka debe langu kwa laini, naenda kivulini. Kwani?"

"Ukirudi, mwenye mashine anakwambia huwezi kusaga, kwa sababu debe lilishasimama badala yako?"

"Debe si mtu."

"Hata lile si mtu. Lilimshikia nafasi. Amechelewa, lakini amekuja, na nafasi ni yake. Hatutalia. Nilishalia. Tutamweka tu."

Odundo alilitazama sanduku.

"Bila kilio?"

"Bila kilio. Bila kunyoa."

"Basi hakuna msiba," Odundo alisema mwishowe. "Ni mtu amerudi kwake." Akaondoa mti wa lango.

Sabato ilipopita, Jumapili asubuhi, walifungua udongo upande wa kulia wa nyumba. Hawakukuta tunda wala blanketi, udongo mweusi tu, laini kuliko ule wa kando. Sanduku liliteremshwa. Hakuna aliyelia. Odundo alisimama karibu na Phelesia ili ahakikishe.

Jeremiah alikuwa na shanga katika bahasha ya daktari. "Tumrudishie mkononi, mama, kabla hatujafunika?"

"Hapana. Nilimwazima. Alisema atanirudishia mwenyewe."

Akachukua bahasha, akaenda nyuma ya pembe ya nyumba. Jeremiah alifungua Biblia kutafuta fungu. Fungu alilijua kwa kichwa, lakini aliendelea kufunua kurasa, mbele na nyuma, macho chini, mpaka mama yake aliporudi akinyoosha gauni kiunoni na kusema, "Haya, soma."