Mvua ya Paa Zima

Kiangazi paa la nyumba yetu lilikuwa la wageni. Walipanda huko wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliokuwa Bagamoyo wakisubiri misafara, wakala pilau yangu na kumsifu mume wangu, Nasser, kana kwamba ndiye aliyeshinda jikoni. Masika yakiingia walikimbia, na paa likawa langu. Nilipanda peke yangu, bila ushungi, nikasimama kwenye sakafu ya chokaa mpaka nikalowa chapachapa. Mwanamke wa nyumba kama yetu hana pahala pengine pa kukutana na mvua, maana uani kwetu, kati ya kuta ndefu, huanguka matone tu. Niliingoja mwaka mzima, na nikilala niliiota.

Basi mwaka mmoja, kabla Wadachi hawajatweka bendera yao, Nasser akaja na habari ya vioo.

"Nimeviagiza Bombei," akasema. "Tutazungushia paa lote. Watu watakula juu mwaka mzima, mvua isimguse mtu. Nipangie, Zeyana. Wewe una jicho."

Mwaka mzima! Nilitamani kumrushia upawa. Lakini alikuwa na furaha ya mtoto siku ya Idi, nami sikujua namna ya kumwambia kwamba wageni wake watanipokonya mvua yangu. Nikachukua kipande cha mkaa, nikachora kwenye sakafu ya jiko.

Vioo pande zote nne, katika mbao za mvule zenye bawaba, ili kiangazi vifunguliwe upepo upite. Juu mabati, na chini ya mabati makuti ya kuzuia joto. Mrisho, seremala wetu, alitaka mabati yainamie njiani.

"Yainamie uani," nikasema. "Na maji yote yatokee kwenye mlizamu mmoja, yamwagike uani kwa mkupuo."

"Ua utajaa tope, bibi."

"Tope nitafagia mimi, fundi. Wewe piga misumari."

Mvua ya kwanza ya masika ilishuka alasiri, wageni wako juu wanakunywa kahawa. Nikatoka uani, nikavua ushungi, nikasimama chini ya mlizamu. Mvua ya paa zima ikanimwagikia kichwani. Nikacheka kwa sauti. Sikuwahi kupata mvua nyingi namna ile. Nilijiona kama ninaelea, na ua, na kuta, na mimi mwenyewe, sote tumekuwa maji na mwanga.

Kisha nikainua macho. Mola wangu! Upande wa uani nao nilikuwa nimeuchorea vioo. Niliwaza mvua tu, macho ya watu sikuyawaza, na sasa vilemba vilikuwa vinaanza kugeuka. Haya ilinishika hata nikashindwa kukimbia.

Nasser akafika kwenye kioo. Akanitazama, nywele zimenigandama usoni, nikajua ameelewa kila kitu, mlizamu na masika yote yaliyopita. Nikangoja anikemee.

Akanipa mgongo, akalitanua joho lake kwa mikono miwili mpaka sikuona tena kilemba hata kimoja. Akasimama hivyo hivyo, akizungumza na wageni juu ya bei ya pembe, mpaka mvua ilipokatika.